SOMO: Kupanga meza na mashine za kiwandani zimfuate mtu, sio mtu azifuate zenyewe

Wakuu habari za kazi. Leo naomba tuongelee ergonomia ya kiwandani, yaani kupanga sehemu ya kazi ili kazi iende na mwili wa mtu usiharibike. Nimechoka kuona kijana wa miaka 30 hawezi kuinama afunge kamba za viatu halafu anaitwa mvivu, wakati ukisimama pale anaposimama yeye kwa muda wa saa nane unakuta mbaya ni meza.

HATUA YA 1: Angalia kwanza, tepu iache mfukoni. Anza na chini ya miguu. Kiwanda kimoja nilichowahi kufanya kazi kulikuwa na dada anafunga maboksi, anasimama juu ya palati kuukuu (lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo), juu yake kaweka katoni tatu zilizokunjwa na ile ya juu imebonyea alama za nyayo zake mbili. Supavaiza aliliondoa lile palati mara mbili akisema ni uchafu, na mara zote mbili kesho yake lilikuwa limerudi. Sasa lile palati ndo ilikuwa ripoti yenyewe jamani, meza imemzidi dada wa watu kama sentimita 12 hivi, hakuna aliyemuuliza, akajipandisha mwenyewe. Tambara lililozungushiwa kwenye mpini, sponji iliyofungwa kwa kamba kwenye stuli, waya uliopindwa kama ndoano wa kuvutia kitu kilichoko mbali, hivyo vyote viandike, halafu waulize watu jioni wanaumwa wapi: shingo, bega, kiuno, kifundo cha mkono.

HATUA YA 2: Pima kiwiko. Mtu asimame wima na viatu vyake vya kazi, akunje mkono nyuzi 90, pima toka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Namba hiyo ndo inabeba karibu kila kitu:
- kazi ndogondogo za kutumia macho sana: sm 5 mpaka 10 juu ya kiwiko, na mikono ipate pa kuegemea
- kazi nyepesi za kuunganisha au kufungasha: sm 10 mpaka 15 chini ya kiwiko
- kazi za nguvu, kugandamiza au kupiga nyundo: sm 15 mpaka 40 chini, maana hapo unasukuma na uzito wa mwili

Hapa wengi wanakosea, hivyo vipimo ni vya pale MIKONO inapofanya kazi, sio ubao wa meza. Kama boksi lina kimo cha sm 30 na unalifunga juu, meza inabidi ishuke kwa kiasi hicho. Na tafadhali usipime watu kumi ukachukua wastani, ukifanya hivyo warefu watainama na wafupi watapandisha mabega. Kitu cha kufikiwa kwa mkono kipimie kwa mfupi, nafasi ya kupita au ya kuingiza magoti ipimie kwa mkubwa kuliko wote.

HATUA YA 3: Sogeza vitu karibu. Kinachoshikwa kila dakika kiwe pale mkono unapofika bila kiwiko kuachana na mbavu, cha mara mojamoja kiwe urefu wa mkono, juu ya bega na nyuma ya mgongo usiweke kitu. Hili sio jipya, zaidi ya miaka 100 iliyopita Frank Gilbreth kule Marekani aliwaangalia mafundi wa kujenga matofali wanavyoinama kila tofali moja, akatengeneza jukwaa linalopanda na ukuta ili tofali liwe usawa wa mkono, akapunguza miendo ya kuweka tofali moja kutoka 18 mpaka kama 5.

HATUA YA 4: Mizigo. Watu wanauliza "mtu abebe kilo ngapi" kana kwamba kilo peke yake ndo inaumiza. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, wana hesabu yao inayoanzia kilo 23 ila hiyo ni kwa hali nzuri kabisa, halafu inapungua kwa kila jambo linalokuwa baya. Chukua katoni ya kilo 16 yenye mshiko mzuri, inanyanyuliwa mara chache tu. Ikiwa mikono iko sm 50 mbele ya mwili na sm 15 toka chini na unaipeleka mpaka sm 75, uzito unaofaa unashuka hadi kama kilo 8.4, yaani mtu anabeba karibu mara mbili ya anachotakiwa. Katoni ileile iweke juu ya stendi ya sm 75, mtu aisogelee mpaka sm 30, aipandishe sm 25 tu, unaofaa unakuwa kama kilo 19. Katoni haijapungua hata gramu! Kwa hiyo kabla hujawafundisha watu "kunyanyua kwa magoti", toa mzigo sakafuni.

HATUA YA 5: Zana na mazingira. Mpini wa kukamata kwa nguvu uwe na kipenyo kama mm 30 mpaka 50, na kifundo cha mkono kibaki kimenyooka, ukiona kimepinda badilisha zana au geuza kazi. Kelele ikifika desibeli 85 kwa saa 8 umefika mpaka, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, yaani 88 ni saa 4 tu.

HATUA YA 6: Jaribu kwa mbao na makatoni kabla ya kuchomelea chuma. Mtu mwenyewe afanyie kazi zamu nzima, sio dakika tano mbele ya bosi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu asante kwa somo. Bosi wetu kanunua mikanda ya mgongo kwa wapakiaji wote, inasaidia?
Hao hao NIOSH waliiangalia wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inamkinga mtu asiye na maumivu asiumie. Ubaya wake mtu anajiona amepata kinga anaanza kubeba zaidi. Hela hiyo ingenunua stendi za palati.

Kukaa na kusimama kipi bora?
Kubadilisha. Weka stuli ndefu ya kuegemea, na bomba la kupandishia mguu mmoja, ukisimama muda mrefu mguu ukipanda kiuno kinapumua.

Sisi tunazungushwa kazi tofauti kila baada ya saa mbili ila mabega bado yanauma, kwa nini?
Angalia unatoka wapi unaenda wapi. Ukitoka kufunga nati juu ya kichwa ukaenda kupulizia rangi juu ya kichwa, bega halijui kama umehama.

Nashika grenda kutwa, usiku vidole vinakufa ganzi, na kukiwa na baridi vinakuwa vyeupe.
Ndugu yangu hili usilivumilie, nenda kwa daktari na umwambie unatumia grenda, maana huo mtikisiko unaumiza mishipa ya damu na ya fahamu. Kazini omba muda wa kuishika upunguzwe, disiki iliyoliwa upande ibadilishwe, na usiikabe kuliko inavyohitaji.

Meza zetu zimechomelewa zote sm 95, tunafungasha vitu vya kimo cha sm 10, tukate miguu?
Usikate. Mikono yenu inafanya kazi kama sm 105, kwa hiyo mwenye kiwiko cha sm 115 mpaka 120 yuko sawa. Mwenye sm 97 mtengenezee jukwaa la kama sm 20, lijaze eneo lote analotembea, lisiteleze, ukingo upakwe rangi ya njano asije akajikwaa. Pima viwiko vya wote wa laini hiyo, zamu zote mbili, uniletee namba nikuhesabie majukwaa mangapi.