Asidi ya ndimu isiyotoka kwenye ndimu

Vitunguu vikikaa guniani msimu wa joto hapa Mombasa hutoka vumbi jeusi. Mara nyingi huwa ni Aspergillus niger, ukungu ambao viwanda vimeutumia kutengeneza asidi ya sitriki, ile ya ndimu, tangu 1919. Huo wa kitunguu usiuchukue: jamii nyingine zake hutoa sumu. Tafuta mbegu ya ukungu huo (vumbi lake la kuzaliana) iliyothibitishwa, fanyia kazi maabarani, na uvae barakoa, maana vumbi lile haliwafai mapafu. Utakachopata ni cha kujifunzia, usikitie kwenye achari.

Hatua ya 1. Kwa lita 1 ya maji yaliyokenekwa (mvuke uliopozwa), tia sukari gramu 150, salfeti ya amonia 2.5, fosfeti ya potasiamu 1 na salfeti ya magnesi 0.25. Shusha pH (kipimo cha ukali wa asidi) hadi 3.5 kwa matone ya asidi ya hidrokloriki.

Maji ndiyo yaliyoniponza. Mara ya kwanza nilitumia ya kisima, tena kwenye sinia ya bati. Ukungu ulinawiri, mnene kama pamba ya godoro, lakini asidi karibu hakuna! Ukungu uliopata madini yote hula sukari ukajijenga mwili. Ulionyimwa manganizi (mojawapo ya madini hayo), na sukari imejaa tele, ndio hutema asidi. Molasi ambayo viwanda hutumia kama sukari nayo ina madini hayo, ndiyo maana huyaondoa kwanza.

Hatua ya 2. Mimina mililita 50 katika kila chupa ya mililita 250, ziba kwa pamba, chemsha kwa presha dakika 20. Ikipoa, tia mbegu.

Hatua ya 3. Weka kwenye nyuzi 28 hadi 30 kwa siku 8 hadi 10. Julai chumba hupoa chini ya hapo, tafuta pa joto. Februari tafuta pa baridi. Usitikise, utando hupumulia juu.

Hatua ya 4. Chuja, kisha pima kwa sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M na fenolfthaleini (kiashiria kinachobadili rangi). Kila mililita 1 ya haidroksaidi uliyotia hadi rangi ya waridi itokee ni sawa na miligramu 6.4 za asidi ya sitriki.

Hatua ya 5. Tia chokaa kidogo maji yakiwa baridi: kinachozama ni oksaleti (chumvi ya asidi nyingine, si yako), kichuje ukitupe. Sasa pasha hadi nyuzi 90, ongeza chokaa, na sitreti (chumvi ya asidi ya sitriki) itazama, kwani haipendi maji moto. Ioshe, itie asidi ya salfuriki nyepesi. Jasi itabaki chini, asidi yako juu.

Chupa na utando vichemshe tena kwa presha kabla ya kuvitupa.