Namna ya kusoma picha kongwe za mji wa Unguja zilizopigwa kutoka angani

Picha ya zamani iliyopigwa kutoka kwenye ndege juu ya mji wa Unguja mara nyingi humfikia mtu ikiwa na maneno mawili matatu nyuma yake, na maneno hayo si ya kuaminiwa kabla picha yenyewe haijahojiwa. Iliyopigwa kwa upande, ambayo huonyesha nyuso za nyumba na pengine upeo wa bahari, hufaa kwa kutambua majengo. Iliyopigwa wima, kamera ikitazama chini moja kwa moja, ndiyo ya kupimia.

Kwanza ielekeze. Vitabu vya Ulaya humwambia msomaji kwamba kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini, nami nilipoyafuata maneno hayo nilipoteza asubuhi nzima nikiitafuta Malindi, mtaa wa kaskazini mwa mji, mahali ilipo Vuga ya kusini. Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa kaskazini na kivuli huangukia kusini; miezi iliyobaki huwa kinyume. Ncha ya Shangani, iliyochomoza magharibi baharini, ni dira bora kuliko kivuli. Ukishaijua kaskazini, igeuze picha mezani hadi vivuli vielekee kwako, kwani vikielekea kwingine jicho hudanganyika na shimo likaonekana kilima.

Katika kukadiria mwaka, shahidi mkubwa ni maji. Mji Mkongwe na Ng'ambo vilitenganishwa na hori la bahari, ambalo daraja lake ndilo lililoacha jina la Darajani, na ambalo lilifukiwa kidogo kidogo hadi pakabaki barabara inayoitwa leo Benjamin Mkapa, zamani Creek Road. Tahadhari ni kwamba maji ya bamvua yakipwa hori lote hubaki tope, na msomaji mwenye haraka huandika kuwa limekwishafukiwa. Chukua kioo cha kukuzia, utazame rangi na mistari: tope lina vijito vyeusi vinavyojipinda kama mizizi, na vyombo vilivyopweleka vimelala ubavu, ardhi iliyofukiwa ni nyeupe, kingo zake zimenyooka, na haichukui muda kabla miguu ya watu haijachora njia za mkato juu yake.

Baada ya maji, tazama majengo. Kuba la Beit el Amani, jumba la makumbusho, lilijengwa mwaka 1925, na gati ya Malindi ni ya miaka hiyo hiyo ya 1920, ilhali majumba marefu ya Michenzani yalikuja baada ya Mapinduzi ya 1964. Picha yenye kuba, isiyo na Michenzani, na yenye maji katika hori basi imekwishajifunga yenyewe kati ya miaka hiyo. Mapaa ya Ng'ambo nayo husaidia: makuti huonekana ya kijivu yenye kingo laini, mabati hung'aa.

Kupima ni hesabu nyepesi. Tafuta sehemu mbili zilizobaki hadi leo, upime umbali wake katika ramani ya sasa. Ikiwa ni mita 600 na katika picha ni sentimita 3, basi sentimita 1 ni mita 200, yaani kipimo cha 1 kwa 20,000. Chagua sehemu za chini, kama njia panda, na zilizo karibu na katikati ya picha, kwa sababu minara huonekana imeinamia nje. Kwa kulinganisha, zinafaa sana picha zilizopigwa kwa ndege zisizo na rubani katika mradi wa ramani ya Zanzibar ulioanza mwaka 2016, ambazo zilipigwa kabla sehemu kubwa ya Nyumba ya Maajabu haijaporomoka Desemba 2020.

Matokeo yako yaandike kwa penseli katika karatasi ya pembeni, pamoja na sababu ya kila mwaka uliotaja, wala usifute yaliyoandikwa nyuma ya picha hata kama umeyaona yana makosa.