Nitumie kipimo gani? Kuchagua kipimo cha takwimu hatua kwa hatua, kwa mfano wa jaribio la mahindi

"Mwalimu, nitumie t-test au kai-skwea?" Wanafunzi na maafisa ugani huniuliza swali hili kuliko jingine lolote (t-test, yaani kipimo cha t, hulinganisha wastani wa makundi mawili; kai-skwea hulinganisha idadi ya watu), na karibu kila mara huliuliza wakiwa wamechelewa: fomu zimeshajazwa, mavuno yameshapimwa, na msimamizi anasubiri ripoti. Muulizaji amefungua programu, amekutana na orodha ndefu ya majina, anataka aambiwe abonyeze wapi. Mimi humrudisha shambani kwanza. Nani alipima nini, kwa nani, mara ngapi? Kipimo cha takwimu unakichagua siku ile unapoamua nani atapata nini na utapima vipi. Kompyuta kazi yake ni kukokotoa tu.

Nitatumia mfano mmoja wa mahindi karibu mwanzo hadi mwisho. Namba nimezitunga kwa ajili ya zoezi, ili uweze kuzikokotoa mwenyewe kwa R, ambayo ni programu ya bure, au hata kwa kalkuleta.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja inayoweza kujibiwa kwa namba

"Mchango wa mbolea katika kilimo cha mahindi" ni kichwa cha habari, huwezi kukijibu. Linganisha na hili: "Je, shamba lililowekwa mbolea ya kukuzia mara mbili hutoa magunia mengi zaidi kwa ekari kuliko lililowekwa kiasi hichohicho cha mbolea kwa mara moja?" Sasa tunajua tunalinganisha nini na nini, na tutapima nini mwishoni.

Hapohapo amua namna ya kupima. Ukiandika "gunia" tu, mmoja atahesabu gunia la kawaida na mwenzake atahesabu lumbesa. Pima kwa mizani, angalia unyevu wa punje, ndipo ubadilishe kuwa magunia ya kilo 100. Hakuna kipimo cha takwimu kitakachonyoosha data iliyopimwa kwa vipimo viwili tofauti.

Hatua ya 2: Jiulize, kitu kimoja ni kipi?

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo tusiende haraka.

Tuseme wakulima 8 wamekubali kushiriki. Kila mmoja anagawa shamba lake nusu kwa nusu. Nusu moja inapata mbolea ya kukuzia mara moja, nusu nyingine mara mbili. Nusu ipi ipate nini, tunarusha sarafu. Tukimwachia mkulima achague, ataweka mbolea mpya kwenye udongo wake mzuri, na hakuna wa kumlaumu. Wakati wa kuvuna, tunapima vipande vitano katika kila nusu ya shamba.

Kwenye jedwali sasa kuna mistari 40 kwa mbolea ya mara moja na mistari 40 kwa mbolea ya mara mbili. Je, tuna sampuli ya 40? Hapana. Tuna wakulima 8. Vipande vitano vya shamba moja vinashiriki udongo uleule, mbegu ileile, palizi ileile na mvua ileile. Ukiviingiza kama vitu vitano tofauti, programu itaamini una ushahidi mara tano ya ule ulio nao, na itakupa thamani ya p ndogo isiyo ya kweli (p huonyesha ni mara ngapi bahati tupu ingetoa tofauti kama hiyo; tutairudia katika Hatua ya 8). Suluhisho ni rahisi: tafuta wastani wa vipande vitano kwanza, kila nusu ya shamba ibaki na namba moja.

Tatizo hilohilo huja kwa sura kubwa zaidi. Vijiji vitatu vimepata mafunzo, vijiji vitatu havikupata, na katika kila kijiji umehoji wakulima 40. Mafunzo yalitolewa kwa vijiji, hayakutolewa kwa mkulima mmojammoja. Wakulima wa kijiji kimoja wanafanana, wana duka moja la pembejeo na afisa ugani mmoja. Kwa swali la mafunzo, unachokihesabu ni vijiji sita. Kuna modeli zinazozingatia huko kufanana kwa watu wa kijiji kimoja, na unapaswa kuzitumia, lakini hata hizo haziwezi kugeuza vijiji sita kuwa wakulima 240. Kama bado hujaenda kijijini, ongeza vijiji na upunguze wakulima kwa kila kijiji. Gharama ya mafuta ya gari itapanda, lakini utafiti wako utakuwa na kitu cha kusema.

Hatua ya 3: Jibu lako ni la aina gani?

Kila unachopima kinaangukia katika moja ya aina hizi, na ukishaijua, orodha ya vipimo inapungua zaidi ya nusu:

- Namba inayopimika: kilo, magunia kwa ekari, mapato kwa shilingi, urefu wa mche.
- Daraja: sijaridhika kabisa, sijaridhika, katikati, nimeridhika, nimeridhika sana. Zina mpangilio, lakini hatujui kama umbali kutoka daraja moja hadi jingine ni sawa.
- Jina au ndiyo na hapana: anatumia mbegu bora au hatumii, aina ya mbegu aliyopanda.

Kuhusu madaraja, swali moja lenye majibu 1 hadi 5 lichukulie kama daraja. Ukijumlisha maswali kadhaa yanayopima jambo moja, kama mwanasaikolojia Rensis Likert alivyopendekeza mwaka 1932, jumla hiyo mara nyingi inaweza kushughulikiwa kama namba. Ila usiwape majina namba kisha ukatafuta wastani. Mbegu namba 1, 2 na 3 haina wastani.

Hatua ya 4: Makundi yako yana undugu?

Rudi kwenye wakulima wetu 8. Haya ndiyo mavuno yao, magunia kwa ekari, kwa mpangilio uleule wa wakulima:

Mara moja: 8, 15, 11, 20, 6, 17, 12, 9
Mara mbili: 10, 18, 12, 24, 7, 20, 14, 11

Wastani wa kwanza ni 12.25, wa pili ni 14.5. Tofauti ni gunia mbili na robo kwa ekari.

Mtu asiyeuliza kuhusu undugu atayachukua haya kama makundi mawili yanayojitegemea na kufanya kipimo cha t cha kawaida. Atapata t (tofauti ya wastani ikilinganishwa na kuyumba kwa bahati) ya 0.86 na p karibu 0.41, iliyo juu sana ya mpaka wa kawaida wa 0.05, ataandika kwamba kugawa mbolea hakuna faida, na wakulima wataambiwa hivyo.

Lakini kila namba ya juu ina ndugu yake chini: mkulima yuleyule, shamba lilelile. Kwa hiyo tunachopaswa kuangalia ni tofauti ndani ya kila shamba: 2, 3, 1, 4, 1, 3, 2, 2. Wakulima wote wanane wamepata zaidi. Kipimo cha t cha jozi kinatoa t ya 6.15, na p iko chini ya 0.001.

Data ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba kipimo cha jozi kinalinganisha kila shamba na lenyewe. Mkulima mmoja alivuna magunia 6 na mwingine 20 hata kabla ya kuzungumzia mbolea, na umbali huo mkubwa kati yao ulikuwa unaifunika ile tofauti ya gunia mbili. Kwenye R:

moja <- c(8, 15, 11, 20, 6, 17, 12, 9)
mbili <- c(10, 18, 12, 24, 7, 20, 14, 11)
t.test(mbili, moja, paired = TRUE)

Kanuni ya kukumbuka: mtu yuleyule kabla na baada, nusu mbili za shamba moja, mapacha, mume na mke wa kaya moja, hao ni jozi. Wakulima wa kundi A ambao hawana uhusiano wowote na wa kundi B, hao wanajitegemea. Kwa wanaojitegemea, tumia kipimo cha t cha Welch, ambacho hakidai makundi yawe na mtawanyiko sawa. R inakitumia bila kuambiwa.

Kipimo cha t kimetokea katika kazi inayofanana na hii yetu. William Sealy Gosset alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, akishughulika na shayiri na sampuli chache, na mwaka 1908 alichapisha mbinu yake kwa jina la "Student". Kwa hiyo ukiambiwa kwamba sampuli ya 8 haifai kwa kipimo cha t, jibu ni kwamba kilibuniwa kwa ajili ya sampuli ndogo. Kinachotakiwa ni kuangalia umbo la data.

Hatua ya 5: Chora kabla ya kukokotoa

Weka nukta moja kwa kila mkulima, uangalie. Kwa jozi, chora zile tofauti, kwa sababu zenyewe ndizo zinazotakiwa kukaribia umbo la kengele, nyingi katikati na chache pembeni. Mavuno ghafi si lazima yawe hivyo. Wengi hupima umbo la safu zisizohusika, wakaona haziko sawa, wakakimbia kipimo kizuri bila sababu.

Ukiona namba moja iliyojitenga kabisa, rudi kwenye fomu. Mara nyingi ni 15 iliyoandikwa 150. Ukiona data imeelemea upande mmoja, kama mapato yanavyokuwa, watu wengi wakiwa chini na wachache juu sana, una njia mbili: badilisha kuwa logi (logariti) kisha utumie t, au tumia vipimo vya nafasi, vinavyopanga namba kuwa ya kwanza, ya pili, ya tatu, badala ya kutumia namba zenyewe. Kwa makundi mawili yanayojitegemea ni Mann-Whitney. Kwa jozi ni Wilcoxon. Hivi pia ndivyo vya kutumia kwa madaraja.

Tahadhari moja hapa. Vipimo vya nafasi vinasifiwa kuwa kimbilio la sampuli ndogo, lakini vina kikomo chake. Ukiwa na jozi 5 tu, Wilcoxon ya pande mbili (inayoangalia ongezeko na upungufu pia) haiwezi kutoa p iliyo chini ya 0.0625, hata kama mashamba yote matano yameelekea upande mmoja. Ukiwa na watu watatu kwa watatu, Mann-Whitney haishuki chini ya 0.1. Utafiti wa namna hiyo ukipimwa kwa kiwango cha 0.05 umeshindwa kabla ya mbegu kuingia ardhini.

Hatua ya 6: Makundi matatu na zaidi

Tuseme umeongeza kundi lisilopata mbolea ya kukuzia kabisa. Usifanye vipimo vya t vitatu. Kila kimoja kina nafasi ya asilimia 5 ya kukuonyesha tofauti isiyokuwepo, na vikiwa vitatu nafasi hiyo inazidi maradufu. Tumia uchanganuzi wa tofauti, maarufu kama ANOVA, halafu kipimo cha Tukey kikueleze ni makundi yapi yanayotofautiana. Kama data imepinda sana, tumia Kruskal-Wallis, kipimo cha nafasi cha makundi matatu na zaidi.

Undugu haujafutwa. Ikiwa kila mkulima ana vipande vyote vitatu, mkulima lazima aingie kwenye modeli:

aov(mavuno ~ mbolea + mkulima)

Hakikisha R inamsoma mkulima kama jina. Ikimsoma kama namba, matokeo yatakuwa mengine kabisa. Mpangilio huu ndio mwanatakwimu Ronald Fisher aliouendeleza Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza alikoanza kazi mwaka 1919, na sababu ilikuwa hiihii yetu: udongo haufanani.

Hatua ya 7: Jibu likiwa ndiyo au hapana

Wakulima 60 walihudhuria shamba darasa, 36 kati yao wanatumia mbegu bora. Wengine 60 hawakuhudhuria, wanaotumia ni 24. Hapa ni kai-skwea:

chisq.test(matrix(c(36, 24, 24, 36), nrow = 2), correct = FALSE)

Utapata 4.8, p karibu 0.03. Ukiacha yale maneno ya mwisho, R inaweka marekebisho ya Yates, yanayopunguza kidogo thamani ya kai-skwea, na utaona 4.03, p karibu 0.045. Usishtuke ukipishana na mwenzako anayetumia programu nyingine. Andika tu ulitumia ipi. Ingiza idadi ya watu, kamwe usiingize asilimia. Na kama idadi inayotarajiwa katika chumba chochote cha jedwali iko chini ya 5, tumia kipimo halisi cha Fisher. Nimesema inayotarajiwa, yaani ile ambayo ungeipata kama shamba darasa na mbegu visingehusiana, ambayo ni tofauti na ile uliyoiona.

Kama ni wakulima walewale kabla na baada ya mafunzo, kai-skwea haifai. Tumia kipimo cha McNemar, kwa sababu ya undugu uleule.

Kwa namba mbili za mtu mmoja, mfano umri wa mche wakati wa palizi na mavuno, ni kipimo cha uhusiano cha Pearson kama nukta zinafuata mstari, Spearman kama zinapanda bila kunyooka. Ukitaka kukadiria moja kutokana na nyingine, nenda kwenye regresheni.

Hatua ya 8: Andika ukubwa wa tofauti, kisha p

Thamani ya p inajibu swali finyu: kama kugawa mbolea kusingeleta tofauti yoyote, bahati tupu ingetoa tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi mara ngapi? Haimwambii mkulima atapata nini. Kwa hiyo sentensi ya matokeo iwe hivi:

"Kuweka mbolea ya kukuzia mara mbili kuliongeza mavuno kwa wastani wa gunia 2.25 kwa ekari (masafa ya uhakika ya asilimia 95: 1.4 hadi 3.1; kipimo cha t cha jozi, wakulima 8, t = 6.15, p < 0.001)."

Masafa ya uhakika ni mipaka ambamo tofauti halisi inakadiriwa kuwa. Kwa namba ya chini, 1.4, mkulima anaweza kukaa na mkewe wakapiga hesabu: bei ya gunia sokoni, toa kibarua wa siku moja zaidi wa kuweka mbolea. Kwa shamba darasa vilevile: wanaotumia mbegu bora walikuwa asilimia 60 dhidi ya 40, tofauti ya 20, lakini masafa yake yanaanzia karibu 2.5 hadi 37.5. Hayo ni masafa mapana sana, na msomaji wa ripoti yako anastahili kuyaona. Aambiwe pia kwamba waliohudhuria walijipeleka wenyewe, hatukurusha sarafu, hivyo huenda walikuwa watu wa kupenda mambo mapya hata kabla ya darasa kuanza. Kai-skwea haiwezi kuliona hilo, kwa hiyo lazima uliandike wewe.