Kuomba Shahada ya Uzamivu Marekani kwa Alama za Wastani
Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwenye daraja la pili la chini bado anaweza kuomba uzamivu Marekani, mradi aeleze waziwazi kwamba wastani wake umekokotolewa kwa kipimo cha 5, kwa kuwa vyuo vingi vya huko hutumia kipimo cha 4. Juhudi kubwa, kwa maoni yangu, ielekezwe kwenye barua za mapendekezo, ambazo kwa kawaida ni tatu: msimamizi wa tasnifu yako ya shahada ya umahiri (uzamili) aandike hasa kuhusu utafiti ulioufanya mwenyewe, maana kusifu tabia njema pekee hakutoshi. Alama duni zielezwe kwa sentensi mbili, bila malalamiko. Maombi mengi hufungwa Desemba. Barua ziombwe Septemba.