Jinsi ya Kuiwezesha Roboti ya Miguu Minne Kujirekebisha Ardhi Inapobadilika

Roboti iliyofundishwa kutembea kwenye sakafu ya maabara pekee huanguka ikikanyaga mchanga au matope, kwa kuwa kanuni zake huchukulia kwamba msuguano, mzigo na nguvu za mota ni vile vile siku zote. Njia ninayoipendekeza ilichapishwa mwaka 2021 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walioijaribu kwenye roboti ya A1 ya kampuni ya Unitree bila kutumia kamera.

Anza ndani ya mwigo wa kompyuta. Badilisha kwa nasibu msuguano, uzito wa mzigo, nguvu za mota na mwinuko wa ardhi, kisha ufundishe mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa kujaribu tena na tena, kutoa pembe lengwa za viungo vyote 12 huku ukiupa muhtasari wa hali hizo. Thawabu, yaani alama za kuongeza, itolewe kwa kusonga mbele, na adhabu kwa kupoteza nishati na kutua kwa kishindo. Adhabu hiyo iongezwe polepole, kwani ikiwa kali tangu mwanzo roboti hujifunza kusimama tu.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito zaidi. Nje ya mwigo hakuna anayeiambia roboti msuguano ni kiasi gani. Inachojua ni amri ilizotoa na namna viungo vilivyoitikia. Mguu ukiamriwa kufika mahali fulani ukazama au ukateleza, tofauti hiyo ndiyo habari ya ardhi. Kwa hiyo, ukiwa bado ndani ya mwigo, fundisha mtandao wa pili kukisia muhtasari ule kutokana na historia ya nusu sekunde iliyopita. Nasisitiza: acha roboti itembee kwa makisio ya mtandao huo yangali dhaifu, ili ikutane na miyumbo ambayo mtembeaji hodari haipati kamwe.

Kwenye roboti halisi, mtandao wa kwanza uamue mara 100 kwa sekunde, na wa pili usasishe makisio yake takribani mara 10, bila mmoja kumsubiri mwingine. Hivyo kompyuta ndogo iliyo mwilini hutosha. Jaribu kwanza juu ya godoro, kisha juu ya plastiki iliyopakwa mafuta, roboti ikiwa imefungwa kamba ya usalama. Palipo na korongo au ngazi ndefu, ongeza kamera, kwa sababu mguu hauwezi kuhisi shimo ambalo haujalikanyaga.