Jinsi ya kumtunza mhisani aliyewaweka kwenye wosia wake

Mtu akiwaambia kwamba ameliweka shirika lenu kwenye wosia wake, bado hamjapata kitu. Aliye hai anaweza kuubadili wosia wake wakati wowote, na huenda miaka 20 ikapita kabla ya ahadi kutimia. Wengi hupoteza zawadi hizi kwa kumshukuru mhisani mara moja, kisha kumsahau.

Msianze kwa kuwasaka matajiri. Pangeni daftari la michango kwa idadi ya miaka, si kwa kiasi. Mwalimu mstaafu anayetuma shilingi 500 kila mwezi bila kukosa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwaweka kwenye wosia kuliko mfanyabiashara aliyetoa milioni mara moja kwenye harambee. Wala msimwulize ana kwa ana atawaachia nini akifa. Kwa wengi wetu huo ni uchuro, na mazungumzo yatafia hapo. Tieni maneno haya kwenye risiti na jarida lenu: “Wapo wanaotukumbuka katika wosia wao. Kama wewe ni mmoja wao, tungependa kukushukuru.” Hoja za kupunguziwa kodi zinazojaa miongozo ya Marekani ziacheni, kwani Kenya na Tanzania hazina kodi ya urithi. Anayewapa anawapa kwa kuwa anaiamini kazi yenu.

Akijitokeza, mkuu wa shirika ampigie simu mwenyewe ndani ya siku mbili, na barua yenye saini ya kalamu ifuate ndani ya wiki. Kisha mpelekeeni fomu ya ukurasa mmoja: aina ya zawadi (fedha, kiwanja, hisa, au sehemu ya mabaki ya mali, yaani kinachosalia baada ya madeni na zawadi nyingine), kazi anayotaka ifanyike, jina la msimamizi wa wosia, na kama anaridhia jina lake litajwe. Kiasi kiwe cha hiari. Fomu hiyo ifungiwe kabatini na nakala iwe kwenye kumbukumbu za ofisi. Ikibaki kwenye simu ya afisa mmoja, siku akiacha kazi uhusiano wote unaondoka naye.

Mpeni pia maneno ya kumpelekea wakili wake: jina kamili la shirika kama lilivyosajiliwa, namba ya usajili, na kifungu “au taasisi itakayorithi kazi zake”. Akitaja kazi maalumu, mwombeni aongeze “na kama kazi hiyo haipo tena, kazi inayokaribiana nayo”. Fedha za kuchimba kisima kwenye kijiji ambacho tayari kina maji ya bomba hukwama miaka, na kesi juu yake.

Wosia wenyewe msiuandike ninyi, wala mfanyakazi wenu asiwe shahidi. Sheria ya Urithi ya Kenya inataka mashahidi wasiopungua wawili kwa wosia wa maandishi, na shahidi aliyeachiwa kitu hukipoteza iwapo hakuna mashahidi wengine wawili wasiohusika. Hata pale ambapo sheria haiwagusi moja kwa moja, watoto watasema mzazi wao alishawishiwa. Tanzania, mhisani anaweza kuuhifadhi wosia wake RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa Mwislamu, wosia kwa asiye mrithi hauvuki theluthi ya mali bila ridhaa ya warithi. Akitaka kutoa akiwa hai, wakfu ni njia mojawapo, na Zanzibar aanzie Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Kila mwaka wasilianeni naye angalau mara mbili bila kumwomba hela: simu ya kumjulia hali, kisha mwaliko wa kuja kuiona kazi, nauli juu yenu kama ni mzee. Akiugua, nendeni.

Kutambuliwa hadharani kunahitaji uangalifu kuliko yote. Cheti na jina kwenye ripoti ya mwaka vinatosha, bila kiasi na bila madaraja ya dhahabu na fedha. Kumtangaza mjane kwamba ameacha kiwanja ni kumwalikia matapeli na ugomvi wa ukoo. Asiyetaka kutajwa, asitajwe hata baada ya kifo. Ila mshaurini awaambie wanawe mapema kwa kinywa chake, maana zawadi inayojulikana kwa mara ya kwanza baada ya mazishi ndiyo hupingwa.

Akifariki, hudhurieni mazishi na msitaje wosia matangani. Hakuna mnachopoteza: Kenya, ombi la mirathi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi likiwa na siku 30 za pingamizi, na kwa kawaida mali haigawiwi hadi kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi kithibitishwe, miezi sita baada ya kutolewa. Fuatilieni tangazo kimyakimya, kisha mwandikieni msimamizi mkiambatisha cheti cha usajili na akaunti ya benki. Fedha zikishatumika, pelekeeni familia picha na hesabu, kisha waulizeni kama wangependa kuendelea kualikwa.