Mchanga wa Kujengea Unguja: Kuupima, Kuupanga na Kutoupoteza

Mchanga wa kujengea Unguja hutoka mashimoni, hasa Kaskazini B, kama Pangatupu na Donge Chechele, na shimo likishachimbwa halijai tena. Unachimbwa kwa kibali. Wa pwani usiuguse: ni marufuku, tena chumvi yake hula nondo na kutoka ukutani kama unga mweupe.

Gari likifika, usikubali "gari moja" kuwa kipimo. Pima bodi kwa futi kamba: urefu mita 3.5, upana 2, kimo cha mchanga 0.6, jumla ni mita za ujazo 4.2. Kimo kipime pembeni na katikati, maana kilele hudanganya macho.

Halafu kuna maji. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 30, nawe unalipia hewa. Jaribu hivi: jaza mchanga kwenye kopo lililonyooka hadi sentimita 20 bila kushindilia. Umwage pembeni, tia maji nusu kopo, rudisha mchanga wote huku ukikoroga kwa kijiti, kisha upime tena. Ukishuka hadi 16, ulivimba kwa asilimia 25, na zile 4.2 ni kama 3.4 tu. Ukiwa na namba hiyo mkononi, bei inazungumzika.

Uchafu pia upime. Tia mchanga nusu chupa ya kioo, maji hadi robo tatu, chumvi kijiko kimoja cha chai. Tikisa, uache saa 3. Juu ya sentimita 5 za mchanga, tabaka la udongo likipita milimita 4, ukatae. Udongo huzuia saruji kushika, lipu ikapasuka na kubanduka, na mchanga ukawa umepotea mara mbili.

Wakati wa kuchanganya, mafundi wengi huhesabu pauro, na pauro ya asubuhi si ya saa nane mchana. Tengeneza boksi la mbao la ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Linachukua lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Lipu ya moja kwa tano ni maboksi matano ya mchanga mkavu. Ule uliovimba asilimia 25 unahitaji sita na robo, la sivyo unakula saruji bure.

Lakini mchanga mwingi huliwa na ukuta uliopinda. Lipu ya milimita 15 kwenye mita za mraba 100 ni mita ya ujazo 1.5, fundi akilazimika kufika milimita 25 ili kunyoosha, ni 2.5. Kwa hiyo kagua kwa timazi na uzi kila kozi (mistari ya matofali) mbili tatu wakati wa kujenga, si siku ya lipu.

Upande wa maweni, Paje au Makunduchi, msingi wa mawe hupunguza zege. Mianya mikubwa izibwe kwa vijiwe kwanza, ndipo mchanganyiko wa saruji na mchanga ufuate.

Lundo liweke juu ya turubali, maana lililo juu ya ardhi tupu huacha tabaka zima la chini likiwa limechanganyika na udongo. Zungushia matofali mstari mmoja, mvua ya masika isilikokote, na ulifunike usiku: paka wa mtaa hawaulizi kibali.